Moto wa milimani Mpwapwa hauunguzi miti peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimsemee mnyama ambaye hapa kwetu Mpwapwa hana msemaji. Kila kiangazi tunasoma habari za moto milimani: ekari kadhaa zimeungua, miti imeteketea. Sijawahi kusoma hata mstari mmoja kuhusu kirukanjia, anayeishi chini ya majani yaliyodondoka.

Wengi humwita panya na kumtegea sumu. Si panya. Ana pua ndefu iliyochongoka, macho kama punje za uwele, na chakula chake ni wadudu na minyoo. Ghalani hana anachotafuta. Wazee walitwambia akikatiza njia hufa, ndiyo asili ya jina lake. Kweli tunamkuta amekufa njiani mara nyingi, kwa sababu paka humuua kisha humwacha kwa ile harufu yake kali.

Ujanani nilibeba mizigo ya watafiti waliopanda kwenye msitu wa milima ya Rubeho. Tulifukia ndoo, midomo sawasawa na ardhi, tukasimamisha nailoni juu yake mithili ya ukuta ili mnyama aufuate hadi atumbukie. Alfajiri ndoo ya kwanza nilimkuta mmoja, mwili wake haukuzidi kidole gumba changu, pua inatetemeka, manyoya laini kama mahameli. Ndoo ya pili alikuwamo mwingine, amekufa, hana jeraha lolote. Nikaelezwa kuwa mwili wake huchoma chakula upesi mno, akikosa kula kwa saa chache tu njaa inamuua.

Tangu siku ile siangalii moto kama zamani. Hata ukipita chini chini bila kuangusha mti mkubwa, unamaliza majani yanayooza, unyevu wake na wadudu wote waliomo. Kirukanjia aliyenusurika shimoni anatoka na kukuta majivu. Saa zake zinahesabika.

Wala hana pa kuhamia. Rubeho na Ukaguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, iliyoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, na kila safu ni kama kisiwa. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua miteremko ya mashariki, sisi wa upande wa Dodoma tunaambulia miiba na mibuyu. Kirukanjia wa msitu wa baridi havuki nyika hiyo kwenda mlima wa pili. Kwa kutengana huko, sehemu nyingi zimepata wake: wa Pare Kaskazini ni aina moja na wa Kilimanjaro, lakini Pare Kusini, jirani kabisa, yupo mwingine ambaye ndugu zake wako Usambara. Mwaka 2015 wanasayansi walitambulisha aina mpya kutoka Ngorongoro na Mlima Meru. Wala si kirukanjia peke yake: sengi mkubwa mwenye uso wa kijivu, mla wadudu mwenye pua ndefu, alitangazwa mwaka 2008 kutoka Udzungwa, ana uzito wa gramu 700 hivi. (Huyo naye anachanganywa na kirukanjia, ilhali kwa nasaba yuko karibu zaidi na pimbi na tembo.) Mnyama wa namna hii akiisha kwenye mlima wake, hakuna mlima mwingine wa kumtoa tumrudishe.

Naziomba kamati za mazingira za vijiji zilime njia za kuzuia moto mwezi Juni, nyasi zikiwa bado hazijakauka kabisa. Warina asali waache kuangusha vienge vya moto msituni. Na tunapopanda miti, tusifagie majani na kuchoma magogo yaliyolala eti tunasafisha eneo. Hayo magogo ni nyumba ya mtu.

Ndugu Mhariri, moto ujao ukitokea, mtume mwandishi wako aje apige magoti afukue majani yaliyobaki, aandike na kilichomo. Nitampandisha mlimani mimi mwenyewe.

Msomaji wako,
Mpwapwa, Dodoma