Ruzuku za vyuo zimfikie mhitaji

Mhariri,

Mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu ulioanza nchini Kenya mwaka 2023 hugawa ruzuku na mikopo kulingana na uwezo wa familia. Wazo ni jema. Shida ni fomu ya mtandaoni inayompima mwanafunzi. Mkulima wa majani chai mwenye robo ekari hana hati ya mshahara, na mapato yake hubadilika kila msimu. Akiwekwa kundi moja na mwajiriwa, ataonewa.

Serikali imsikilize pia mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mwombaji. Yeye ndiye anayejua nani alirudishwa nyumbani mara ngapi kwa kukosa karo. Rufaa nazo zijibiwe kabla ya siku ya usajili, si muhula ukiisha.

Mzazi,
Bomet