Chora kisichokungoja

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Habari za huko mjini? Mama na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Pirikapirika za karafuu ndizo zilizotushika, kila ua umetandikwa majamvi na mikono ya kila mtu inanukia.

Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza, nikairudia. Nilitaka nikujibu kwa sauti vilevile, lakini maneno yangu ni mengi na jambo lenyewe liko moyoni, nikaona bora niandike. Unasema umekifunga kisanduku cha rangi, umekiweka juu ya kabati, na hutokiteremsha mpaka mkono ukae sawa. Kila karatasi unayoianza unaichana kabla haijakauka. Nistahamilie shoga, maana hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mkono ulioachwa haukai sawa, unazidi kuwa mgeni.

Nikukumbushe Beit el-Ajaib, lile jumba la zamani la hapo Unguja mjini. Tangu tuko skuli, kila tukikaa Forodhani ulikuwa ukiinyooshea kidole na kusema siku utakapojua kupima vizuri utaichora yote, na zile roshani zinazoizunguka, nguzo zake za chuma na mnara wa saa. Jumba limejengwa mwaka 1883, zama za Sultan Barghash, nani angedhani kuwa litakuwa na haraka? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, wakafa watu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ulinipigia simu jioni ile unalia. Uliwalilia watu, ukalililia jumba, halafu ukasema kwa sauti ndogo kwamba huna hata karatasi moja ya jengo lile kwa mkono wako mwenyewe. Mimi ninayo moja, ya penseli, ukubwa wa kiganja. Nguzo zimeinama na mnara umekuwa mfupi. Lakini nguzo zile nilizitazama moja baada ya moja, na kivuli cha alasiri kilivyoingia chini ya roshani nilikiona kwa macho yangu nikakiweka pale. Siitoi karatasi ile kwa bei yoyote.

Hilo ndilo ninalotaka kukwambia, na mengine yote ya barua hii yanatoka hapo. Tunavyovipenda kuvichora havitungoji tuwe mafundi.

Na rangi zenyewe ulizozichagua hazikubali huko kurekebisharekebisha. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi ya mgunga, ile ambayo Sudan wanaigema kwa wingi. Gundi hiyo ikikauka inashika, lakini ikiloa inayeyuka tena, hata kama rangi ilishapakwa siku nyingi. Sasa wewe unarudi na brashi mbichi pahala palipokwisha kukauka, unasugua ili upatengeneze. Unaiamsha rangi ya chini, inapanda, inachanganyika na ya juu, na kijani chako na chekundu chako vinageuka tope. Mkono wako hauna kosa lolote, rangi ndivyo zilivyo. Weupe nao haumo kisandukuni. Weupe ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa, na ukishaufunika utaweza kuuinua kidogo kwa maji na kitambaa, lakini ule wa mwanzo haurudi. Ndiyo maana nakuomba umakini wako wote uutie machoni, kabla brashi haijagusa karatasi. Mimi siku hizi muda ninaoutumia kutazama ni mrefu kuliko ninaoutumia kupaka. Nikishapaka nimepaka, naendelea mbele.

Lile doa lenye ukingo uliokoza linalokuudhi, linakuja pale tone la maji linapoangukia rangi ambayo haijakauka sawasawa. Maji yanaisukuma rangi kando, inajikusanya ukingoni. Kwa unyevu huu wetu karatasi inachelewa kukauka, na siku za masika inachelewa zaidi, kwa hiyo madoa yale hayana budi kutokea. Sihangaiki nayo tena. Nikichora mbingu ya mvua nayaacha yafanye kazi, na mawingu yanatoka na uzito ambao nisingeweza kuutia kwa makusudi.

Halafu zile karatasi nzito, za pamba, za gramu 300 kwa mita ya mraba, alizokuletea kaka yako. Najua bado hujazigusa, unaziwekea siku kubwa. Shoga, karatasi za rangi za maji zimetiwa dawa inayoizuia rangi isizame mara moja. Unyevu unaila dawa hiyo polepole. Zikikaa kabatini miaka, siku utakayozitoa rangi itanywewa na kutoka vidoadoa, na huenda ukakuta koga imeshatangulia. Kwa hali ya hewa ya visiwa hivi, kuziweka akiba ndiko kuziharibu. Zitoe, uzikate vipande vidogo, uzitumie sasa.

Ngoja nikueleze ninavyofanya mimi msimu huu, maana hiki ndicho kilichonipa ujasiri wa kukusemesha hivi.

Ami ana mikarafuu kule Mtambwe, na sehemu ya karafuu anaileta kuanika hapa uani kwetu. Usiku tunakaa sote kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, na asubuhi zinamwagwa juani. Nikitoka kazini alasiri navuta kibao, naweka kikombe cha maji chini, nalichora jamvi lile lile, pembe ile ile, kila siku mpaka karafuu zikauke na kutiwa magunia. Zikipata jua la uhakika hazichukui hata wiki. Muda wangu unaanzia hapo nilipokaa na unakwisha pale watoto wanapoambiwa wakunje majamvi. Hakuna kuongeza, na kesho rangi ni nyingine.

Na rangi zile, laiti ungeziona! Siku ya kwanza jamvi lina kijani kinachoelekea manjano, ndani yake umetawanyika wekundu wa waridi, maana karafuu huchumwa pale kichwa kinapoanza kuiva, kabla ua halijafunguka. Kesho yake kijani kimerudi nyuma, wekundu umeingia udongo. Halafu hudhurungi inatawala. Siku ya mwisho, ukiishika karafuu moja mkononi unaona kikonyo kimekoza karibu na weusi, na kichwa kimebaki na hudhurungi nyepesi ya dhahabu. Weusi ule siutafuti kwenye kisanduku. Nachanganya buluu iliyokoza na hudhurungi ya udongo, inatoka rangi yenye kina, ikikauka unaiona buluu imejificha kwenye vinyweleo vya karatasi.

Karafuu mojamoja sichori. Nani ataziweza zote? Nalowesha eneo zima la jamvi kwa brashi kubwa, naziacha rangi ziingiliane wakati bado mbichi, na zikianza kushika nachukua brashi ndogo nikazitengeneza chache tu za mbele, zile ambazo nikiinama naona kidole cha kivuli chini yake. Zilizobaki jicho la mtazamaji linazimalizia lenyewe. Mwanzo mkono ulikuwa unanivuta nirudi kuongeza nyingine, na nyingine. Sasa ukinivuta, nauweka chini pamoja na brashi.

Kuna siku mbili mfululizo jua halikutoka. Unajua mwenyewe karafuu ikikosa jua inavyokuwa, inapauka, inakunjamana, na ikifika kituo cha kuuzia haipati daraja la juu. Ami alikuwa kimya siku hizo, anapita anazigeuza kwa mguu, anaangalia mbingu. Nilikaa nikaichora rangi ile ya kupauka, kijivu chenye manjano kidogo, rangi isiyopendeza kabisa. Baadaye, magunia yalipokwisha kwenda, nilizitandaza karatasi zangu zote barazani, bila mpango, zikauke vizuri. Ami akaja kukaa. Unamjua, hana habari na mambo ya michoro. Akaokota moja, akaitazama, akasema, "Hii ndiyo ile Jumanne ya mawingu." Ilikuwa kweli ni ya Jumanne. Akaiweka chini, akaokota nyingine, akaniambia siku yake na hiyo.

Shoga, jamvi kwenye karatasi ile limekaa upande, na ukingo wake mmoja umepotea kwenye doa la maji. Ami hakuyaona hayo. Aliiona siku yake, na wasiwasi wake wa siku ile. Tangu hapo nikimaliza karatasi sijiulizi tena kama ni nzuri, najiuliza kama siku imo ndani. Ikiwa imo, naandika tarehe nyuma, naiweka. Ikiwa haimo, naandika tarehe vilevile, naiweka. Ya kwanza na ya pili zinakaa kwenye bahasha moja.

Sasa nije kwenye mlango wako wa Mji Mkongwe, ule unaokutesa. Umeuanza mara ngapi hata sijui, na kila mara unaishia kwenye nakshi za mwimo, ule mti wa kando ya mlango, ua moja linakuwa kubwa kuliko jingine, unachana. Hebu nenda usimame karibu nao, usiuchore, uutazame tu. Tazama ua la mwimo wa kulia na lile linalolikabili la kushoto. Fuata mnyororo unavyozunguka, watazame na wale samaki wa chini. Utaona mahali patasi imezama na mahali imepita juujuu. Fundi aliuchonga mti mgumu kwa mkono, akafanya ua baada ya ua, na hakuna mawili yaliyo sawasawa. Unataka karatasi yako inyooke kuliko mlango wenyewe, na huo si uaminifu kwa fundi yule.

Ukishatazama, chagua kimoja. Chukua mfaa, ule mti wa katikati, peke yake, na misumari mitatu minne ya shaba iliyo karibu nao, na vivuli vyake. Jua la alasiri likiupiga mlango kwa upande kila msumari unatoa kivuli kirefu, na kivuli kile kinatembea huku unakitazama. Kipake kwanza, kabla hakijahama. Penseli itumie kidogo, na raba iache nyumbani. Usiichane karatasi siku hiyo hiyo hata ikikuchukiza vipi. Iandike tarehe, uifunike, uifungue baada ya mwezi. Hasira zikishaondoka utaona mambo ndani yake ambayo leo huyaoni.

Najua pia kwamba wageni wanaosimama nyuma yako wanakutia haya. Kaa barazani, mgongo ukutani, hapati mtu pa kuchungulia.

Uliniuliza mtu asiyesoma uchoraji ana haki gani ya kujiita mchoraji. Maduka ya hapo mjini yamejaa picha za Tingatinga, unazipita kila siku. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, hakusomea uchoraji mahali popote. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi za kujengea, kwa rangi za kupakia baiskeli, maana ndivyo vilivyokuwa vikipatikana. Mwaka 1972 alikuwa keshafariki. Kwa muda ule mfupi tu akaacha mtindo ambao mpaka leo unawapa watu riziki. Sikwambii uwe yeye. Nakwambia hakukaa akingoja turubai la kuchorea.

Wala sisemi uchore ovyo. Ninayependa kazi yako kuliko watu wote ni mimi, na najua jicho lako lilivyo kali. Jicho hilo nalitaka libaki hivyo hivyo. Ninachotaka ulitumie kuutazama mlango, usilitumie kuihukumu karatasi ambayo bado imelowa.

Maji ya bamvua yakija tena, yale yanayokimbia mbali mpaka mitumbwi inalala mchangani, nenda ufukweni na vipande vya karatasi ya kaka yako, ukae uyachore yanavyoondoka. Na mimi nitakaa huku kwetu wakati huo huo, bahari yetu ni moja. Halafu kila mmoja amtumie mwenzake picha za karatasi zote alizozichora, bila kuchagua. Usinitumie ile iliyotoka vizuri peke yake, nitajua.

Ami anakusalimu, amesema ukija msimu huu utapata karafuu ya kwenda nayo. Mama nipee mkono, watoto nibusie. Na ukipita dukani ukakuta brashi ya duara iliyo nene, nichukulie moja, yangu imeota upara. Pesa nitakutumia kwa simu mwisho wa mwezi, inshaallah.

Shogayo