Risala ya Klabu ya Elimu ya Nyota kwa Mgeni Rasmi: Nebula ya Carina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu uwanjani. Ukitazama kusini, kuliani mwa Msalaba wa Kusini, utaona waa jeupe kama kiwingu. Hiyo ni Nebula ya Carina, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi angani, na ndani yake imo Eta Carinae, nyota iliyo umbali wa takriban miaka nuru 7,500.

Mheshimiwa, nyota kubwa namna hii humaliza haidrojeni ya kiini chake kwa miaka milioni chache tu. Uzeeni, mwanga wake wenyewe husukuma nje matabaka ya juu. Eta Carinae ililipuka bila kufa, na Machi 1843 mng'ao wake ulipitwa na Sirius peke yake, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ilitupa gesi na vumbi lenye uzito unaozidi wa Majua 10, kwa kasi ya kilomita 650 hivi kwa sekunde. Mabaki hayo ndiyo Homunculus: mapovu mawili yaliyopeana migongo, na sketi ya gesi kiunoni.

Hapa ndipo watazamaji wengi hukosea: hudhani Nebula ya Carina na Homunculus hung'aa kwa namna moja. Nebula kubwa hung'aa yenyewe. Mionzi ya urujuanimno ya nyota nyingi zenye joto kali, si Eta Carinae pekee, hung'oa elektroni za haidrojeni. Zikirudi, hutoa wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Oksijeni hutoa kijani cha nanomita 500.7, ambacho jicho hukinasa vizuri zaidi gizani, kwa hiyo kichujio cha oksijeni, kinachopitisha kijani hicho tu, husaidia sana. Homunculus ni tofauti: kwa sehemu kubwa ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na kichujio kilekile huififisha. Kitoe, tumia darubini ya kioo cha milimita 150, kuza mara 150 au zaidi, na usubiri hewa itulie.

Macho nayo yahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukiwasha simu mara moja, unaanza upya. Tena hapa Dar es Salaam Eta Carinae haipandi zaidi ya digrii 37 hivi juu ya upeo, hata Aprili saa tatu usiku inapokuwa juu kabisa. Huko chini, unyevu wa bahari na taa za mji huimeza.

Ndiyo maana ombi letu ni moja: taa za uwanja zifunikwe kwa juu ziangaze chini tu, na zizimwe usiku wa kutazama, mwezi usipokuwepo.

Tunaomba kuwasilisha.