Stima ya jioni haili tokeni, inakula muda

Mhariri,

Nipe nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba stima ya jioni, ile hafifu inayofanya balbu za zamani ziwe nyekundu kama jicho la mlevi, inakula tokeni maradufu. Nauza chai na mandazi hapa Luanda, Vihiga, na hata mimi nilikuwa nikisema hayohayo. Tena nilimrudishia mwenye duka birika la stima nikamfokea mbele ya wateja kwamba ameniuzia bovu. Akalijaza maji, akalichomeka palepale saa nne asubuhi, likachemka kwa dakika tano. Nilirudi nalo kimya.

Mpwa wangu anayesomea ufundi wa umeme alipokuja likizo aliniambia, "Shangazi, hebu lipindue usome chini." Kibandiko kinasema volti 240, wati 2,000. Wati (nguvu) ni volti (msukumo wa umeme) mara ampea (wingi wa umeme unaopita), kwa hiyo 2,000 gawanya kwa 240 unapata ampea 8.3. Kisha volti gawanya kwa ampea hizo, unapata ukinzani wa koili, yaani jinsi waya ule wa kupasha maji unavyouzuia umeme: omu 28.8. Koili hiyo haijui asubuhi wala jioni, omu zake ni zilezile. Kinacholetwa na waya ndicho kinachobadilika.

Saa moja jioni, wateja wangu wa bodaboda wakiwa wamejaa benchini, mita ya mpwa wangu ya kupimia volti ilisoma 180. Gawanya kwa 28.8: ampea 6.25. Zidisha tena kwa 180: wati 1,125. Volti zimepungua robo tu, lakini nguvu imepotea karibu nusu! Ni kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo hushuka, na wati ni zao la hizo mbili. Birika la dakika tano lilichukua dakika tisa na nusu.

Sasa hesabu ya tokeni. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati 2,000 kwa dakika tano ni kama uniti 0.167. Wati 1,125 kwa dakika tisa na nusu ni 0.178. Kilichoongezeka ni kidogo, nacho ni joto linalotoroka birika likichelewa. Maradufu iko wapi? Ninachopoteza mimi ni mteja anayewasha pikipiki na kwenda kunywa chai kwingine.

Ila kwa shemeji yangu mwenye kinu cha kusaga mahindi mambo ni tofauti. Yeye alipoona hesabu yangu alipima nyaya za mota ikiwa imezimwa, akapata omu 2, akagawanya 240 kwa 2, akapiga kelele kwamba kinu kinakula ampea 120. Mpwa wangu alicheka hadi akakaa chini. Mota ikishazunguka huusukuma umeme urudi nyuma, kwa hiyo huwezi kuihesabu kama birika. Mzigo ukiwa juu, ile yake ilivuta ampea 14. Lakini mahindi hayasagwi nusu. Volti zikishuka, mota huvuta ampea zaidi ili izunguke na mzigo uleule, na joto ndani ya nyaya zake ni ampea mara ampea mara omu. Kutoka ampea 14 hadi 20, joto hilo huongezeka maradufu. Ndiyo maana ameipeleka kusukwa nyaya upya mara mbili.

Wakaguzi wa stima waliokuja kwetu walisema tununue stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, kila mtu yake. Nawaomba kwanza watazame waya. Asubuhi, kabla ya kuchomeka birika, mita ilisoma 248. Nilipolichomeka ikasoma 240. Hizo volti 8 zimeenda wapi? Gawanya kwa ampea 8.3: ni karibu omu moja, iliyojificha katika nyaya na viungo kati yangu na transfoma. Omu moja si kitu kwa birika moja. Lakini jioni pasi, televisheni na majiko ya koili ya majirani yakivuta tuseme ampea 60 kupitia njia hiyohiyo, volti 60 zinaishia njiani, na 60 mara 60 mara 1 ni wati 3,600. Ni karibu mabirika mawili yanayowapasha moto njiwa juu ya waya. Na kiungo kimoja pale karibu na mwembe usiku hutoa cheche ambazo hata mtoto anaziona.

(Msijaribu kupima kama hamjafunzwa. Mimi nilisoma namba tu, mkono ulikuwa wa mpwa wangu.)

Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba omu imepewa jina la mwalimu Mjerumani, Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, na wati ni James Watt wa injini za mvuke. Nikamwambia basi hatukukosea kuuita umeme stima.

Hesabu hii niliwaandikia wakaguzi nyuma ya risiti ya unga. Mmoja aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Kwa sasa chai ya saa moja naichemsha saa kumi jioni, naihifadhi kwenye thamosi nne.

Muuza chai,
Luanda, Vihiga