Mshauri wa masomo asiwe wa kutia sahihi tu

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa soko la Kibuye, Kisumu. Mwaka jana nilimshonea binti yangu gauni la kitenge la kuvaa siku ya mahafali. Hadi leo limetundikwa ukutani, pindo halijashonwa. Wiki mbili kabla ya sherehe orodha ilitoka bila jina lake: alama za somo moja la mwaka wa pili hazionekani. Mtihani aliufanya, karatasi ya mahudhurio akaitia sahihi. Mhadhiri aliyelifundisha alikuwa wa muda, na alishaondoka zake.

Nikamwuliza, kwani huko chuoni huna mtu wa kukufuatilia? Akasema yupo mshauri wa masomo, walionana mara moja, siku ya usajili. Alitia sahihi fomu bila kuinua kichwa. Nikawaka. Kumbe mwalimu huyo ana wanafunzi zaidi ya mia mbili wa kushauri, mbali na madarasa yake! Hapo hasira ikanipungua. Hata mimi nikiletewa sare mia mbili kwa wiki moja nakata kwa macho, na mikono inatoka mifupi.

Sasa nasikia watu wakisema wahadhiri wawe makocha wa kuwafuatilia wanafunzi kimasomo, kila mwanafunzi awe na wake. Naunga mkono, lakini isiwe kazi ya bure juu ya nyingine. Hawa ndio waliogoma siku 49 mwaka wa 2025 wakidai Sh7.9 bilioni za mkataba wao wa mishahara wa 2017-2021. Mzigo mwingine wataupokea kwa moyo gani? Wapewe wanafunzi kumi na watano, ishirini hivi, na saa yao iwekwe kwenye ratiba kama somo lolote, ilipwe.

Na kikao chenyewe kisiwe cha mahubiri. Ya kuhubiriwa tunayapata Jumapili. Afungue matokeo ya muhula uliopita, mwanafunzi akiwa ameketi hapo, amwulize: hapa pako wazi, kwa nini? Swali hilo lingeulizwa mwaka ule wa pili, mhadhiri wa muda angali na karatasi zake, gauni langu lingeshavaliwa.

Binti amelirudia somo na amepita. Anangoja mahafali yajayo. Amenenepa kidogo, itabidi nilifumue ubavuni.

Mama fundi,
Kibuye, Kisumu