Shoga, nitumie chati yenu ya kalsiamu

Shoga yangu, salaam aleikum, za masiku na za huko Maskati? Sisi wazima alhamdulillahi, joto ndo ulijualo na feri ya Likoni usiniulize. Umenyamaza wee lakini leo sikugombi, nina shida nawe.

Ile mashine ya kusafisha damu mfululizo tumeletewa aisiyu, kwa mahututi, ya wale ambao presha haiwezi dialisisi ya kawaida. Tulianza na heparini ya kuzuia damu isigande, kipimo chake cha aPTT kila saa sita, dawa ikizidi mtu avuja damu, ikipungua filta yaganda. Sasa Dokta Mrefu ataka sitreti badala yake na mi namuunga mkono, KDIGO, wale wa miongozo ya figo, washasema tangu 2012, na ule utafiti wa Wajerumani wa 2020 filta za sitreti zilidumu kama saa 47, za heparini 26. (Maambukizi yalizidi upande wa sitreti, hilo hulisikii likitajwa kwenye mikutano yetu.)

Kasheshe ni kupima. Si wajua sitreti yakamata kalsiamu mle kwenye mashine damu isigande, kisha mgonjwa twamrudishia kalsiamu kwa laini nyengine, kwa hivyo sampuli za kalsiamu huru, ile isiyokamatwa, ni mbili, ya baada ya filta twataka 0.25 hadi 0.35, ya mgonjwa mwenyewe 1.0 hadi 1.2, na watu wazichanganya! Juzi mmoja kaona 0.3 kwenye karatasi isiyo na jina akadhani ni ya mgonjwa, kidogo amsukumie kalsiamu ya bure, bahati Mama Saumu alikuwa zamu.

Lakini hilo dawa yake ni kuandika tu. Linaloniudhi ni kalsiamu ya jumla, huru pamoja na iliyokamatwa. Sitreti yavunjwa na ini, ini likichoka yarundikana, kalsiamu huru inashuka hata ukiongeza dripu na jumla inapanda, ukigawa jumla kwa huru ukapata zaidi ya 2.5 ujue mambo yameharibika. Huru twaipata pale pale kitandani, jumla mpaka maabara, na ya usiku yaja asubuhi! Kitanda cha pili macho yashaanza umanjano, na wodi nzima yashangilia ati filta haijaganda. Haya, filta nzima, na mwenyewe je? Nimemwambia in-charge, akanijibu bajeti, basi nikaenda zangu kunywa chai.

Ndo nakuomba ile chati yenu, ipige picha tu, nikiwaonyesha yatoka nje huenda wakaniskiza, wawajua watu wetu. Nyinyi jumla mwapima mara ngapi kwa siku? Mwenye ini bovu mwampa sitreti kidogo ama mwaiwacha kabisa? Sampuli ya baada ya filta nani aichukua, nesi wa kitanda ama wa dialisisi? Na wewe waja Desemba ama ni zile ahadi zako? Chama wauliza hela zao, mi nimewaambia sikujui.