Kagueni pedeli kabla ya Jumamosi

Wakuu, habari za jioni. Kabla hatujapanda milima ya Uluguru, naomba kila mmoja akague pedeli za baiskeli yake, hasa aliyegonga jiwe au kuanguka karibuni. Ekseli, yaani chuma cha katikati ambacho pedeli huzungukia, ikipinda, unyayo huyumba kila mzunguko na goti huanza kuuma.

Usizungushe pedeli peke yake, haitaonyesha kitu. Zungusha mkono wake, yaani chuma kirefu kinachoishika pedeli, polepole huku ukiitazama kwa nyuma. Ikiinama huku na huku, ifungue, ufunge nyingine nzima ya upande uleule. Ikitulia, ile ya kwanza ndiyo mbovu. Ikiyumba bado, mkono umepinda, wahi kwa fundi.

Spana ni namba 15. Ya kulia hufunguka kama nati ya kawaida, ya kushoto kinyume chake. Ukilazimisha utaua nyuzi za mkono, ile mikato ya skrubu kwenye tundu inapofungwa pedeli.

Tafadhali sana, msinyooshe ekseli kwa nyundo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa hukatika ghafla, na mteremkoni umesimama juu yake kwa uzito wako wote. Badilisha. Paka grisi kwenye nyuzi, anza kufunga kwa vidole.

Nitafika saa 11 alfajiri na spana, grisi na pedeli za kujaribia.